Magurudumu ya Nyuma

Hakuandika gari mpaka magurudumu yake ya nyuma yaguse ng'ambo. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote aliyokuwa karani wa kivuko pale Kivukoni, nje ya Ifakara, na ndivyo alivyoendelea kuishi baada ya daraja kufunguliwa na kazi yake kubaki jina tu. Wenzake waliandika gari likishapanda pantoni. Yeye alikaa na kalamu mkononi, akalitazama likivuka maji yote yale ya rangi ya chai ya maziwa, likishuka, matairi ya mbele, kisha ya nyuma, ndipo akainamia daftari. "Katikati ya mto gari si la huku wala si la kule," alikuwa akisema. "Nitaliandika wapi?"

Haya alinisimulia mwenyewe, kwa kuwa mimi sikumkuta kivukoni. Nilimkuta akiwa mzee tayari, akiingia dukani kwetu nyuma ya soko la Ifakara, shati limepigwa pasi, kalamu ameichomeka kwenye soksi. Kalamu ya mfukoni, alisema, huangukia majini ukiinama. Miaka ilikuwa imepita tangu ainame juu ya maji, lakini kalamu haikurudi mfukoni. Baba yangu, mtu wa Kilwa aliyekuja bondeni na biashara ya madaftari na mashine ya kutoa kopi, alimheshimu na kumchukia kwa jambo hilohilo moja: Karani hakutoka dukani mpaka awe ameisoma kopi yake yote, neno kwa neno, akiilinganisha na karatasi yenyewe. "Mashine nayo hukosea," alimwambia baba.

Lakini hakuja kwa ajili ya kopi. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, kwenye kompyuta zetu mbili za kona, kwa ajili ya kriketi.

Najua inavyosikika. Ifakara kuna mpira wa miguu, kuna mpunga, kuna mvua. Kriketi hakuna. Na hata hiyo yake haikuchezwa popote. Ilikuwa ligi ya kwenye mtandao: kila mwenye timu hupewa wachezaji wa kubuni, huwapa majina, huamua nani aanze kupiga na nani arushe mpira wakati gani, kisha hutuma orodha. Saa nne kompyuta iliyoko nchi ambayo hakuna kati yetu aliyeijua huzichezesha timu zote kwa dakika moja na kutoa matokeo. Hakuna jasho wala nyasi. Kinachobaki ni watu kuyajadili matokeo, na mjadala huo ndio uliokuwa mchezo wenyewe. Daraja letu lilikuwa na timu kumi. Nyingi zilikuwa za watu wa Dar na Nairobi, moja ya mpishi wa Tanga aliyefanya kazi hotelini Muskati. Baadaye nami nikaingia, na timu niliyoiita Wino, ambayo haikuwahi kumtisha mtu.

Kriketi Karani aliletewa na mafuriko. Mwaka mmoja mto ulijaa mpaka pantoni ikafungwa kwa kamba siku nyingi, na miongoni mwa waliokwama alikuwa mfanyabiashara wa vipuri mwenye redio ya mawimbi mafupi. Akawafundisha watu wawili waliokuwa na subira: Karani, na fundi wa injini ya pantoni. Waliifuata mechi ya siku tano redioni kwa kupanga kokoto mchangani. Maji yalipopungua, mfanyabiashara akaenda zake na hawakumwona tena. Walibaki wao wawili, watu pekee bonde zima, kwa kadiri walivyojua, walioelewa uzito wa mpigaji aliyesimama kutwa nzima bila kutolewa.

Huyo Fundi siwezi kumwacha nje, ingawa nilimwona mara mbili tu. Alikuwa mrefu, akiburuta mguu wa kushoto, na alivaa koti la kaki lililonuka dizeli hata siku ya Jumapili. Injini ya pantoni ilikuwa imemla masikio. Kivuko kilipoondolewa alihamia Mchombe kuendesha mashine ya kukoboa mpunga, na mashine hiyo ikamalizia masikio yaliyobaki. Kuzungumza naye kwa simu kukawa hakuwezekani. Alikuwa na kisimu kidogo cha vitufe, na kwa hicho alimtumia Karani ujumbe, wote kwa herufi kubwa, kana kwamba viziwi walikuwa sisi.

Yeye alikuwa Mngoni, Karani Mpogoro wa upande wa Mahenge. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuwa wa kuchekeana tu. Fundi aliweza kuingia nyumbani kwa Karani akachukua jogoo na kuondoka, na Karani asingeweza kulalamika. Karani aliweza kumwita Fundi mtumwa wake mbele ya padri. "Ukifa," Karani alimwambia mara nyingi, "nitakuja kuvaa koti lako nitembee nalo msibani, wanao wacheke mpaka wasahau kulia." Naye Fundi alijibu kwamba atakufa wa pili, kwa kuwa hana imani na mtu wa kuvaa koti lake bila kulichana.

Timu ya Karani iliitwa Ng'ambo, ya Fundi iliitwa Mashine. Kwa kuwa kile kisimu hakikuwa na mtandao, Fundi alituma orodha yake kwa ujumbe, na Karani akaiingiza kwenye ligi kwa niaba yake. Msimamizi wa ligi, mwanamke mmoja wa Nairobi, aliruhusu: mzee asiye na simu ya maana anaweza kuandikiwa, mradi maamuzi ni yake. Basi Karani aliingiza orodha iliyokusudiwa kumpiga yeye mwenyewe, na hakubadilisha hata jina moja.

Matusi nayo aliyaandika hivyohivyo. Ilikuwa desturi ya ligi yetu kwamba mshindi ndiye huandika kwanza. Nakumbuka Ijumaa moja Mashine iliifunga Ng'ambo vibaya. Karani alimtumia Fundi matokeo, akasubiri mikono imelala magotini. Simu ikalia. Akavaa miwani, akaiegemeza simu kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kunakili kwa kidole kimoja:

"MARAHABA WATUMWA WANGU. KARANI LEO NIMEKUVUSHA BURE. BABU YANGU ALIMBEBA BABU YAKO KAMA MZIGO NA MIMI NAENDELEA. MWAMBIE MRUSHAJI WAKO AJE MCHOMBE NIMPE KAZI YA KUZOA PUMBA."

Fundi alianza daima na marahaba, hata kama hakuna aliyemwamkia.

"Karani," nikasema, "hapa amemtukana babu yako. Tupunguze kidogo?"

"Usiguse. Kaandika yeye."

Kisha akainuka, akahamia kompyuta ya pili. Aliona si adabu kujibu kutoka kiti kilekile. Akafungua akaunti yake na kuandika kwa herufi ndogo, na nukta mahali pake: "Mashine, nimepokea. Mrushaji wangu alikuwa na homa ya siku moja. Ya kwako ni ya kichwa na umezaliwa nayo."

"Shikamooni wazee wangu!" akaingia mpishi wa Muskati. "Mnanifanya niunguze wali wa watu huku."

"MPISHI WEWE WALI UNAUNGUA HATA USIPOSOMA," ikarudi kutoka Mchombe, kupitia kidole cha Karani, robo saa baadaye.

Matokeo yote aliyaingiza kwenye daftari la kivuko, moja ya yale yaliyobaki matupu siku pantoni ilipoondolewa. Kurasa zilikuwa na safu zilizochapwa: Muda, Gari, Kutoka, Kwenda. Chini ya Gari aliandika jina la timu. Chini ya Kutoka aliandika makao yake. Chini ya Kwenda aliandika mikimbio iliyofikisha, yaani alama zake. Nilimwambia siku moja kwamba naweza kumchapia jedwali zuri. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa abadilishe dini.

Alikuwa mkali kwa walio hai na mpole kwa wasiokuwepo. Mimi nikichelewa kufungua duka dakika kumi, alinisimamia mlangoni kimya mpaka nikaona aibu. Lakini katika timu yake kulikuwa na mpigaji aliyezeeka, kwa kuwa ligi ile huwazeesha hata watu wa kubuni, na kila wiki alitolewa kabla hajafika popote. "Mwache," nilimshauri. "Hana faida." Karani akaendelea kumpanga msimu mzima. "Kuzeeka si kosa lake," alisema. Na mtu huyohuyo, aliyemhurumia mchezaji asiyekuwepo, alipoona siku moja kompyuta imeipa Ng'ambo mikimbio sita ya makosa, alimwandikia msimamizi barua ndefu ya kujishtaki, akanyang'anywa ushindi, akarudi nyumbani akiwa na furaha kuliko siku aliyoshinda.

Nilimpa hadithi yangu ya kwanza aisome. Aliirudisha baada ya wiki mbili. "Huyu mtu wako umemuua ukurasa wa pili," alisema. "Ulimwona akifika?" Sikumwelewa. Nilidhani hajui fasihi.

Kisha ikaja masika ambayo Fundi alikufa.

Sikuambiwa. Nilichokiona ni hiki tu: Ijumaa moja Mashine ilishinda, Karani akakaa kwenye kiti cha Fundi, nami niliyekuwa nikipanga karatasi nyuma yake nikasoma maneno yakijitokeza kwenye kioo. MARAHABA WATUMWA WANGU. MVUA YOTE HII NA BADO NIMEWANYESHEA. Nikatabasamu. Halafu nikatafuta simu. Haikuegemezwa kwenye kioo. Haikuwa mezani.

"Karani, simu iko wapi?"

"Mfukoni."

Kidole kiliendelea kugonga. Nilisimama na karatasi zangu kifuani. Alipomaliza aliondoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Fundi alifariki Jumatano ya wiki iliyopita," alisema. "Sikufika. Treni ya huko ilikuwa imepita siku moja kabla. Nikapanda basi, likazama kwenye tope kabla hatujafika nusu ya njia. Tulilala barabarani. Asubuhi binti yake akanipigia, akasema, Baba mdogo, usihangaike, tumeshazika."

Nikasema pole. Halafu nikauliza swali ambalo hadi leo sijui kama ilikuwa haki kuliuliza.

"Sasa huyu anayeandika ni nani?"

"Mtani wake," alisema, akahamia kiti cha pili, akaanza kumjibu.

Nilinyamaza. Wiki zikapita, mvua ikaendelea, na Fundi aliyekufa akawa mcheshi kuliko alivyokuwa hai. Aliwataja watoto wa mpishi kwa majina. Alimtania msimamizi mwenyewe. "Fundi siku hizi umechangamka," mpishi aliandika, "au Mchombe wamekuletea kahawa?" Na kutoka kwenye kiti cha Fundi kikaja kicheko cha herufi kubwa, na mtu aliyekaa kwenye kiti hicho alikuwa na uso mkavu kabisa, shavu limeingia ndani. Nilimwona akikonda. Yule aliyejishtaki kwa mikimbio sita sasa alidanganya ligi nzima mara mbili kwa wiki, na alijua hesabu ya uongo wake kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kwenye daftari, tangu Jumatano ile, mistari ya Mashine aliiacha nusu. Aliandika jina. Aliandika Kutoka: Mchombe. Kwenda aliacha wazi.

Mwisho wa msimu Ng'ambo na Mashine zilikuwa mkiani, na mechi ya mwisho ilikuwa kati yao. Atakayefungwa angeshuka daraja, aende kucheza na watu tusiowajua. Siku mbili kabla, Karani alikuja dukani siku isiyo yake.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida." Alikaa. "Ya Fundi nitaipanga mimi. Ninazo jumbe zake zote, najua angemweka nani wapi. Lakini nikipanga na ya kwangu, hiyo si mechi. Ni mtu mmoja anajikuna. Nipangie Ng'ambo wewe."

"Mimi? Wino yangu inashika nafasi ya saba."

"Panga ya kushinda," alisema. "Usinionyeshe."

Nilipanga ya kushindwa. Niliandike jambo hili wazi, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike haya yote. Nilidhani nimemwelewa. Nilidhani mzee anaona haya kusema kwamba anataka mwenzake abaki darajani, katikati ya watu waliomjua, na kwamba ameniletea mimi kazi ambayo mkono wake haukuweza kuifanya. Kwa hiyo mrushaji wake bora nilimweka nje. Yule mpigaji mzee nikampanga wa kwanza. Nikatuma, nikajiona mtu mwema.

Ijumaa saa nne Mashine ilishinda kwa tofauti kubwa. Karani alivaa miwani akayasoma matokeo mstari kwa mstari, kama alivyosoma kopi za baba. Alipofika kwenye majina ya Ng'ambo kidole chake kilisimama kwenye kioo.

"Mrushaji wangu hayupo."

Nikaanza kupanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Umenihurumia," alisema.

"Ndiyo, Karani."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. Alikaa kwenye kiti cha Fundi. Watu walikuwa wameshaanza kusubiri, maana mshindi ndiye huandika kwanza. Aliweka kidole juu ya herufi M, na kidole kikabaki hapo. Hakugonga. Baada ya muda alichukua daftari lake, akaondoka.

Ukurasa ulibaki unasubiri. Mpishi akaanza: "Shikamoo Fundi." Hakuna jibu. Akafuata mtu wa Dar: "Shikamoo Fundi, tunakusikiliza." Kisha msimamizi: "Shikamoo mzee wetu." Kufikia jioni ukurasa mzima ulikuwa shikamoo tupu, moja chini ya nyingine, kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuonana, wakimwamkia mtu aliyezoea kuitikia kabla hajaamkiwa. Kesho yake msimamizi akaniandikia peke yangu: "Dada wa Wino, wewe uko Ifakara. Wazee wako salama?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaamua mara moja kwa niaba ya mtu mwingine, na ilinitosha.

Timu isiyopangwa mechi tatu mfululizo hufutwa. Msimu mpya ulipoanza, Ng'ambo na Mashine zilifutwa Ijumaa moja, kwa dakika ileile.

Karani hakuja tena dukani. Nilijiambia ana shughuli, kisha nikajiambia ni mvua, na mvua ilipokwisha sikuwa na la kujiambia. Kiangazi nikaenda Kivukoni. Nilimkuta nje ya nyumba yake, karibu na pale pantoni ilipokuwa ikitia nanga, ambapo sasa kuna mitumbwi michache na wavuvi wanaoosha nyavu. Malori yalipita juu darajani, moja baada ya jingine, na hakuyainulia macho. Miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa peku. Nyuma yake, kwenye msumari wa mlango, lilining'inia koti la kaki.

Alipoona ninalitazama, alisema, "Nilikwenda. Treni ilipokuwepo, nilikwenda."

"Mchombe?"

"Binti yake akanipa koti. Nikalivaa palepale uani. Nikaburuta mguu. Nikapiga kelele kama yeye: Marahaba!" Alisema neno hilo kwa sauti ya chini. "Wajukuu wakakimbia. Walidhani nimerukwa na akili. Binti akanishika mkono, akasema, Baba mdogo, keti, unywe uji. Tulishamaliza."

Wavuvi walikuwa wakiitana huko chini.

"Walitakiwa wacheke," alisema. "Siku ileile, kaburi likiwa bichi. Mtani anamwigiza marehemu, anamwangusha mara ya mwisho, watu wanacheka, basi, anakwenda. Mimi sikufika. Nikasema nitamwangushia kule kwenye ligi, mbele ya watu wanaomjua. Nimfunge haki, nimcheke, niwaambie ukweli wote, nao wacheke. Ndiyo maana nilikuambia panga ya kushinda."

"Sikujua, Karani. Nisamehe."

"Pengine ningefungwa hata hivyo. Alikuwa na timu nzuri." Aliangalia mto. "Lakini ningejua."

Daftari lilikuwa kwenye kigoda, limefunguka kwenye ukurasa wa mwisho aliouandika. Mashine. Kutoka Mchombe. Halafu weupe. Mkono wake ulishuka kwenye kifundo cha mguu, ukapapasa, ukakumbuka kwamba hakuna soksi. Nikampa kalamu yangu. Aliishika bila kuitumia. Tulikaa hivyo mpaka jua likaanza kuchoma ukuta, na nilipoona amechoka nikainuka, nikamuaga, naye akaniitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimefika njiani, hatua ishirini hivi, nikiwa nimempa mgongo.

"MARAHABA!"

Ilikuwa sauti ya kiziwi, kubwa kupita kiasi, yenye mkwaruzo wa injini. Wavuvi wakageuka. Sikuwa nimemwamkia. Ilinichukua muda kuelewa ninachotakiwa kufanya, na nilipoelewa nilicheka. Kicheko kilichelewa na kilitoka vibaya, kikiwa na machozi ndani yake, lakini nilicheka kwa nguvu ili kimfikie.

Nilipogeuka, alikuwa ameinamia daftari. Sikurudi kuangalia kama ameandika.